Maswali ya Anga: Gesi Lazima Ipoe Kwanza

Toleo lililopita tuliandika aya mbili kuhusu galaksi za mwanzo: kwamba gesi yake haikuwa na kaboni wala oksijeni, na kwamba upungufu huo uliamua ukubwa wa nyota zilizozaliwa humo. Aya mbili hazikutosha. Ujumbe umeingia kutoka kila kona ya jiji, na safari hii safu yote tumeiachia mada hiyo.

Wahariri, habari za kazi. Mimi ni fundi friji, Kariakoo. Ninachojua, gesi ukiikandamiza inapata moto. Shika bomba linalotoka kwenye kompresa uone. Nyota nayo ni gesi iliyokandamizwa hadi ikawaka. Mbona mmeandika kwamba gesi lazima ipoe ndipo nyota izaliwe? Naona mmegeuza.

Hatujageuza, fundi, na jibu liko kwenye bomba hilo hilo. Gesi ikitoka kwenye kompresa haiishii hapo. Inapita kwenye kondensa, ule wavu wa nyuma, inatupa joto lake nje, ndipo inakuwa kimiminika. Kondensa ikizibwa, joto halina pa kwenda, shinikizo linapanda, kompresa inahema mpaka inakata.

Wingu la gesi angani linafuata sheria hiyo hiyo. Kompresa yake ni uvutano wa wingu lenyewe. Likijikunja, joto linapanda. Joto likipanda, shinikizo linasukuma kwenda nje. Shinikizo likilingana na uvutano, kazi imesimama. Wingu litakaa hivyo mamilioni ya miaka bila kuzaa kitu. Ili liendelee kujikunja ni lazima litupe joto. Ule moto wa mamilioni ya nyuzi unaowasha nyota huja mwishoni kabisa, pale kiini kinapokuwa kizito kiasi kwamba mwanga hauwezi tena kutoka humo kwa urahisi.

Sasa, angani hakuna ukuta wala upepo wa kupokea joto. Njia iliyopo ni mwanga. Chembe mbili zinagongana, nguvu ya mgongano inaipandisha moja ngazi, kisha chembe ile inateremka na kutoa mwanga unaoondoka zake. Joto limeondoka nao. Shida ni urefu wa ngazi ya kwanza, na kila aina ya chembe ina ngazi zake.

Atomu ya haidrojeni ina ngazi ya kwanza ndefu mno. Migongano inayoifikia ni ile ya gesi yenye kelvini 8,000 hivi kwenda juu (kelvini ni nyuzi zinazohesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri). Chini ya hapo atomu zinagongana na kuachana kama gololi, na joto linabaki pale pale. Heliamu ni mbaya zaidi. Molekuli ya haidrojeni, yaani atomu mbili zilizoshikana, ina ngazi ya kelvini 510, yaani urefu wake unalingana na joto hilo, na zile chembe chache zenye kasi kuliko nyingine zinaweza kuipandisha hata gesi ikiwa imeshuka hadi kelvini 200 hivi. Hapo inagota. Ingiza kaboni na oksijeni, mambo yanabadilika. Kaboni iliyopoteza elektroni moja ina ngazi ya kelvini 91. Monoksidi ya kaboni, gesi ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu waliojifungia ndani usiku, ina ngazi ya kelvini 5.5 tu. Na juu ya hayo kuna vumbi: punje ndogo mno za kaboni na za madini kama ya mawe, ambazo hutoa joto kwa mwanga wa infraredi bila kusubiri ngazi yoyote maalumu.

Wewe, fundi, unajua vumbi likijaa kwenye kondensa friji haigandishi. Angani ni kinyume: vumbi ndilo kondensa. Wingu lenye vumbi na monoksidi ya kaboni hushuka hadi kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri. Wingu la galaksi za mwanzo, lisilo na vyote viwili, lilikwama kwenye 200. Tofauti ya nyota zake na hizi tunazoziona leo ilianzia hapo.

Nachomea vyuma Gerezani, mtungi wa oksijeni na wa asetilini niko navyo kila siku. Nyinyi mmeiita oksijeni "metali". Hiyo ni metali ya wapi?

Ni lugha ya wanaastronomia peke yao, fundi, na inachanganya wengi. Mlipuko Mkuu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, uliacha gesi ambayo katika kila kilo 100 ilikuwa na takriban kilo 75 za haidrojeni na 25 za heliamu, pamoja na litiamu kidogo isiyofaa hata kupimwa kwenye mizani yako. Vyote vizito zaidi ya heliamu, kaboni, oksijeni, chuma, kalsiamu ya mifupa yako, vilipikwa karibu vyote na nyota baadaye. Kwa kuwa ni vichache, wakaviweka kapu moja na kuviita metali. Ndani ya Jua metali zote hazizidi sana kilo 1.4 katika kila kilo 100, na oksijeni peke yake ni karibu nusu ya hizo.

Kiasi kinachohitajika kugeuza tabia ya gesi ni kidogo kwa namna ya kushangaza. Mahesabu ya wanafizikia yanaonyesha kwamba kaboni na oksijeni zinaanza kupoza wingu kwa nguvu metali zikifikia kama sehemu moja ya 3,000 ya kiwango cha Jua. Ipime hivi: tani moja ya gesi yenye kiwango cha Jua ina kilo 14 za metali. Tani moja ya gesi iliyovuka mpaka huo ina gramu 4 na kitu, pungufu ya kijiko cha chai cha chumvi. Vumbi linahitaji kidogo zaidi hata ya hapo: mahesabu mengi yanaweka mpaka wake kwenye sehemu moja ya 100,000 ya kiwango cha Jua, au chini yake.

Jambo moja linalomhusu mtu wa chuma. Oksijeni hutoka hasa kwenye nyota nene zinazolipuka zikiwa na umri wa miaka milioni chache. Chuma sehemu yake kubwa hutoka kwenye vibete vyeupe, mabaki ya nyota ndogo, ambavyo huweza kukaa hata miaka bilioni kabla ya kulipuka. Kwa hiyo galaksi changa huwa na oksijeni wakati chuma bado kiko nyuma. Ukisoma mahali kwamba galaksi fulani "ina metali kidogo", uliza kwanza ni metali gani iliyopimwa.

Mwalimu wa fizikia, Temeke: Naomba hesabu ya kuwapa kidato cha sita, yenye namba halisi, inayoonyesha jinsi mchanganyiko wa gesi unavyobadilisha uzito wa nyota. Maelezo ya maneno wanayo.

Mwalimu, tumia tungamo la Jeans, yaani tungamo dogo kabisa ambalo wingu likiwa nalo uvutano unalishinda shinikizo. Kanuni tunayopendekeza ni:

M = (5kT / Gμm)^1.5 × (3 / 4πρ)^0.5

T ni jotoridi kwa kelvini, ρ ni msongamano, m ni tungamo la atomu ya haidrojeni (1.67 × 10⁻²⁷ kg), k ni 1.38 × 10⁻²³, G ni 6.67 × 10⁻¹¹, na μ ni wastani wa uzito wa chembe ukilinganisha na atomu ya haidrojeni.

Anza na wingu la leo: kelvini 10, chembe 10,000 katika sentimita moja ya ujazo, μ ya 2.33 kwa sababu haidrojeni yake imeshikana kuwa molekuli. Wanafunzi wabadilishe ujazo kwanza: chembe 10⁴ kwa sentimita ya ujazo ni 10¹⁰ kwa mita ya ujazo. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanazidisha kwa 100 badala ya milioni moja. Msongamano unakuwa 3.9 × 10⁻¹⁷ kg kwa mita ya ujazo. Mabano ya kwanza, yakishapandishwa kipeo 1.5, yanatoa 1.37 × 10²³. Ya pili 7.8 × 10⁷. Zidisha: 1.07 × 10³¹ kg. Gawa kwa tungamo la Jua, 1.99 × 10³⁰ kg, upate Jua 5.4.

Sasa wingu la galaksi ya mwanzo, msongamano ule ule wa chembe, kelvini 200. Hakuna haja ya kurudia yote. Jotoridi limepanda mara 20, na 20 kwa kipeo 1.5 ni 89. Kwa hiyo 5.4 × 89, karibu Jua 480. Mwanafunzi akiishia hapa mpe nusu ya alama, maana amesahau μ. Gesi ya mwanzo sehemu kubwa ilikuwa atomu mojamoja, haikuwa molekuli, na μ yake ni 1.22. Katika kanuni hii, idadi ya chembe ikiwa ile ile, M hupungua kwa kipeo cha pili cha μ, basi zidisha 480 kwa (2.33 / 1.22)², yaani 3.65. Jibu ni karibu Jua 1,750. Mchanganyiko wa gesi umeingia kwenye hesabu mara mbili, mara moja kupitia jotoridi na mara nyingine kupitia uzito wa chembe. Mara hii ya pili husahaulika hata vitabuni.

Waulize pia kuhusu sakafu ya jotoridi. Ulimwengu wote umejaa mnururisho uliobaki kutoka mwanzo, na gesi haiwezi kupoa kwa kutoa mwanga hadi chini ya jotoridi la mnururisho huo. Leo ni kelvini 2.725. Ulimwengu unapanuka, na mwanga wa zamani hurefuka njiani pamoja nao. Enzi ambayo mawimbi yake ya mwanga yamerefuka mara 11 hadi kutufikia, lilikuwa 2.725 × 11, yaani kelvini 30. Hata wingu lililojaa vumbi enzi hiyo lisingefika 10. Kwa msongamano wetu ule ule na μ ya 2.33, tungamo dogo kabisa linapanda hadi Jua 28.

Wasichukulie kwamba hizo ndizo namba za nyota zenyewe. Ni namba za bonge la gesi linaloanza kuanguka. Likiendelea kujikunja msongamano unapanda na bonge linaweza kugawanyika. Pia si gesi yote inayoingia kwenye nyota. Nyota za kwanza hukadiriwa kuwa na uzito wa makumi hadi mamia ya Jua. Ila mwelekeo hautetereki: gesi yenye joto, vipande vinene.

Shikamooni. Nasoma kidato cha sita, Ubungo. Mwalimu alisema atomu mbili za haidrojeni zikigongana haziwezi kushikana zenyewe, zinahitaji uso wa punje ya vumbi. Kama mwanzo hakukuwa na vumbi, hiyo molekuli iliyopoza gesi ilitoka wapi?

Marahaba. Swali lako ni zuri kuliko yote tuliyopokea mwezi huu.

Mwalimu wako yuko sahihi. Atomu mbili zikikutana zina nishati ya ziada, na isipoondoka zinaachana papo hapo. Punje ya vumbi huipokea. Pasipo vumbi kazi ilifanywa na elektroni, kwa mtindo wa dalali. Hatua ya kwanza: elektroni huru inajibandika kwenye atomu ya haidrojeni na mwanga mdogo unatoka, sasa una haidrojeni yenye chaji hasi. Hatua ya pili: chembe hiyo inakutana na atomu nyingine ya haidrojeni, zinashikana kuwa molekuli, na elektroni inafukuzwa ikiwa imebeba ile nishati ya ziada. Dalali ameunganisha watu wawili na ameondoka kwenda kutafuta wengine.

Elektroni hizo zilikuwa masalio. Gesi ya ulimwengu ilipopoa na kuwa atomu, miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, chache hazikupata pa kujishikiza. Kwa uchache huo molekuli nazo zilikuwa chache, chini ya moja kwa kila atomu 1,000, lakini zilitosha kulifikisha wingu kwenye zile kelvini 200.

Utaratibu huu ulikuwa dhaifu, na uliharibika kwa njia mbili. Ile elektroni imeshikwa kwa nguvu ya elektronivolti 0.75 tu (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe); mwanzoni mnururisho wa ulimwengu ulikuwa na joto la kutosha kuing'oa kabla hatua ya pili haijafika. Ilibidi ulimwengu upoe kwanza. Njia ya pili inasikitisha zaidi: nyota ya kwanza ikishawaka, inatoa mionzi ya urujuanimno yenye elektronivolti 11.2 hadi 13.6, na mionzi hiyo huzivunja molekuli za haidrojeni za mawingu ya jirani. Jirani anakosa kipoozi. Anabaki kungoja hadi awe mkubwa vya kutosha kufika kelvini 10,000 hivi, ambako atomu za haidrojeni zenyewe zinaanza kutoa mwanga. Wanafizikia wengi wanadhani baadhi ya mawingu ya namna hiyo yalianguka kwa mkupuo bila kugawanyika, yakazaa mashimo meusi yenye uzito wa Jua 100,000. Bado ni dhana, ila ni dhana yenye mashiko, kwa kuwa mashimo meusi makubwa yameonekana mapema mno katika historia ya ulimwengu.

Zile nyota za kwanza ziliishi miaka milioni 2 au 3 tu. Nadharia inasema zenye uzito wa Jua 140 hadi 260 zililipuka zikatawanyika zote, zisiache hata kiini. Metali zikamwagika kwenye gesi, na kizazi kilichofuata kikapata kipoozi.

Je, kuna nyota hata moja ya kizazi cha kwanza iliyobaki? (Msomaji, Sinza)

Haijathibitishwa hata moja. Ingekuwepo yenye uzito chini ya Jua 0.8 ingekuwa hai hadi leo, na kutopatikana kwake kunaunga mkono hesabu za hapo juu. Waliopatikana ni watoto wao. Mwaka 2014 ilitangazwa nyota iliyogunduliwa kwa darubini ya SkyMapper, Australia, ambayo chuma chake hakifiki sehemu moja ya milioni kumi ya cha Jua, lakini kaboni inayo ya kutosha. Na mwaka 2011 ilitangazwa nyota ndogo katika kundinyota la Simba ambayo ni maskini wa metali zote, kaboni nayo ikiwemo. Hii ya pili ndiyo inayotufanya tuamini njia ya vumbi: kaboni na oksijeni yake hazikutosha kupoza, na bado nyota ndogo ilizaliwa.

Wanajuaje kuna oksijeni kwenye galaksi ya mbali hivyo? Nimesoma pia kwamba galaksi za mwanzo zinang'aa kuliko ilivyotarajiwa. Ni ile gesi? (Msomaji, Kigamboni)

Tuchukue galaksi moja, JADES-GS-z14-0, iliyopatikana kwa darubini ya James Webb. Mwanga wake uliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 300 hivi. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa maikromita 88.36, popote ilipo. Mwezi Machi 2025 vikundi viwili vya watafiti vilitangaza kuuona kwa darubini ya ALMA, ile yenye antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor, Chile, mita 5,000 juu ya bahari. Ulifika ukiwa na milimita 1.341. Gawanya: umerefuka mara 15.18, na hapo umepata oksijeni na umbali kwa pamoja. Metali zilikuwa kama mara 10 ya zilizotarajiwa. Maana yake vizazi vya nyota vilikuwa vimeshaishi na kufa humo ndani ya miaka milioni 300.

Tahadhari: mwanga huo unatoka kwenye gesi ya moto inayozunguka nyota nene. Ile gesi baridi inayozaa nyota ni jambo jingine, na metali zake zinaweza kuwa tofauti.

Kuhusu kung'aa, maelezo yanayoshindana ni haya: nyota nene zaidi kwa sababu ya metali kidogo, vumbi kidogo la kuziba mwanga, uzazi wa nyota wa vipindi, leo kwa fujo, kesho kimya, na gesi nzito inayogeuka nyota haraka. Hili la mwisho halijadiliwi sana kama linavyostahili. Wingu la chembe 10,000 kwa sentimita ya ujazo huanguka ndani ya miaka 340,000, wakati nyota nene huchukua miaka milioni chache kabla ya kulipuka na kuitawanya gesi. Gesi inakuwa imeshatumika kabla ya mlipuko wa kwanza. Kwa maoni yetu, atakayetaja sababu moja tu ana haraka.

Mama wa watoto watatu, Mbezi: Kuna chochote cha kuwaonyesha wanangu kwa macho, hapa hapa Dar?

Kipo, mama, na Dar imekaa mahali pazuri sana kwa hilo.

Chagua mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, kaskazi ikivuma na mvua za vuli zimekwisha, usiku usio na mwezi. Saa tatu usiku walaze watoto chali kwenye mkeka. Utosini kabisa kuna nyota tatu zilizojipanga, mkanda wa Orioni, na karibu nazo mstari mfupi hafifu, upanga wake. Katikati ya upanga kuna doa lenye ukungu: ni wingu linalozaa nyota sasa hivi, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300, lenye metali za kiwango kinachokaribia cha Jua. Kwa latitudo ya Dar linapita nyuzi moja na nusu tu kutoka utosini, kwa hiyo hewa ya kulififisha ni kidogo kuliko karibu popote duniani. Linaonekana hata Mbezi kama utazima taa za uwani, na kwa darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 ukungu wake uko wazi.

Kwa kitu kinachofanana na galaksi za mwanzo inabidi usafiri kidogo, kwani taa za jiji zinakifuta. Vukeni Kigamboni muende hadi Kimbiji, taa za jiji zibaki nyuma yenu kaskazini-magharibi. Tazameni kusini. Nyosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Chini ya ngumi tatu kutoka upeo kuna kipande cha wingu kisichosogea na upepo: Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 160,000, metali zake nusu ya za Jua. Kulia kwake na chini zaidi, ngumi moja na kidogo, kuna Wingu Dogo, ambalo metali zake ni sehemu moja ya tano. Vumbi lake ni chache kiasi kwamba urujuanimno huvunja monoksidi ya kaboni kwa wingi, na watafiti wanaotafuta gesi baridi kwa kutumia monoksidi hiyo hupata kidogo kuliko iliyopo kweli. Wingu Dogo ukilitaka juu zaidi, nenda Novemba, saa ile ile, ukiomba mawingu ya vuli yakupishe.

Wape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza, na simu zote zibaki mfukoni. Kioo kimoja kikiwaka, hesabu inaanza upya kwa wote. Tochi ifunikeni kwa karatasi nyekundu ya plastiki. Na Wingu Dogo msilikazie macho moja kwa moja: tazameni pembeni yake kidogo, litajitokeza.